Kujifunza kirikuu ya gia bila kuunguza klachi

Swali: "Habari mtaalamu. Nina leseni, na kwa miaka mitatu nimezoea IST ya otomatiki. Mume wangu amenunua kirikuu ya mtumba, Suzuki Carry ya gia tano, ya kusambazia maji ya madumu ya lita 20 hapa Mwanza. Dereva asipotokea biashara inalala, kwa hiyo nataka niendeshe mwenyewe. Kila mtu ananitisha: utaunguza klachi, utasaga gia, mwezi hautaisha gari litakuwa gereji. Na huku kwetu ni milima tupu. Nijifunze vipi nisiliue?"

Jibu:

Dada, nianze na kukutoa hofu: gari kukuzimikia hakuliui. Mwanafunzi anaachia klachi haraka, gari linaruka mbele, linazima, watu wa kijiweni wanacheka. Raba za injini zimetikisika kidogo, basi. Klachi inauawa na mwanafunzi wa aina nyingine, yule anayeogopa kuzimikiwa. Anakanyaga mafuta mpaka injini inalia, anaishikilia klachi nusu, na gari linaondoka taratibu bila hata kutikisika. Anayemtazama anasema huyu ameiva, kumbe pale chini pleti inapikwa. Kwa hiyo katika siku zako za mwanzo, zimikiwa kadiri itakavyotokea, ila usiondoke kwa resi kubwa.

Sababu ni hii. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma linaloitwa flaiwili, linazunguka muda wote injini ikiwa inawaka. Klachi pleti imebanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vidole vya springi ya presha pleti, pleti inaachiwa, na injini inazunguka peke yake bila kuvuta giaboksi. Ukiachia pedali yote, pleti inabanwa barabara na nguvu inakwenda kwenye matairi. Katika hali hizo mbili hakuna madhara. Ulaji uko katikati, pale pleti inapogusa flaiwili lakini bado inateleza. Joto linalozaliwa hapo linategemea nguvu inayopita, tofauti ya mizunguko na muda. Ukiondoka kwa mizunguko 1,200 kwa dakika na kumaliza kuachia ndani ya sekunde mbili, pleti inapata joto dogo na linapoa. Ukiondoka kwa mizunguko 3,000 na kuvuta mpaka sekunde sita, umezidisha kasi ya kusuguana mara mbili na nusu na muda mara tatu: joto zaidi ya mara saba, hata kama nguvu inayopita ni ileile.

Kabla ya somo la kwanza, pima klachi uliyoikuta. Gari ni la mtumba, na si haki lawama za aliyekutangulia zikuangukie wewe. Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, mguu wa kulia ukae kwenye breki, weka gia ya tatu, halafu achia klachi polepole bila kugusa mafuta. Injini inatakiwa kuzima palepale. Ikiendelea kuunguruma wakati mguu umeshatoka kwenye pedali, pleti inateleza na imefika mwisho. Fanya mara moja tu, mbili zikizidi, kwa sababu kipimo chenyewe kinaipasha moto. Kipimo cha barabarani ni kukanyaga mafuta yote ukiwa gia ya nne kwenye kilometa 40 kwa saa: mlio wa injini ukipanda haraka huku mwendo haupandi, ni jambo lilelile.

Angalia na mchezo wa pedali. Ibonyeze kwa mkono, siyo kwa mguu. Mwanzoni inatakiwa ilegee kidogo, sentimita moja hadi mbili, ndipo ianze kuwa nzito. Kirikuu nyingi zinatumia kebo ya klachi, na kadiri pleti inavyolika mchezo huo unapungua mpaka unaisha. Ukiisha, rilizi beringi inakuwa inasukuma springi muda wote, kana kwamba kuna mtu ameegesha mguu, na pleti inateleza hata kwa dereva mzuri. Fundi anarekebisha kwa nati iliyo kwenye kebo, kazi ya dakika chache. Ukiruka hatua hii unaweza kuunguza klachi nzima huku umefuata kila kitu nilichoandika hapa chini.

Sasa ukae. Sogeza kiti hadi mguu wa kushoto uweze kugandamiza klachi mpaka chini kabisa na goti bado limekunjika kidogo. Ukilazimika kunyoosha mguu mzima au kusogeza kiuno, klachi haitafika chini, na klachi isiyofika chini ndiyo inayofanya gia zilie. Kandambili acha nyumbani. Vaa kiatu chenye soli nyembamba kinachoshika, ili unyayo usikie pedali.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi na upitishe gia zote mpaka mkono uzijue bila macho. Picha iliyo kwenye kichwa cha liva itakuonyesha mpangilio. Kwa kawaida rivasi iko chini ya tano, upande wako. Liva ikiwa fri, yaani haimo kwenye gia yoyote, inajirudisha yenyewe katikati, kwenye mstari wa tatu na nne, kwa sababu kuna springi. Iamini springi hiyo. Kwenda moja na mbili, sukuma liva mbali nawe kwa kiganja. Kwenda tatu na nne, iachie ikae yenyewe kisha sukuma au vuta moja kwa moja. Kwenda tano, ivute kwako. Vidole viwe vyepesi. Anayeikaba liva kama panga ndiye anayekosea njia.

Zoezi la kwanza la kweli halihitaji mafuta hata kidogo. Tafuta eneo tambarare lenye udongo mgumu au lami, lisilo na mchanga, kwani mchangani gari linahitaji nguvu kubwa kuondoka na klachi inateleza zaidi. Gari liwe tupu. Kama kirikuu yenu ina kitufe cha kuvuta magurudumu manne, hakikisha kimezimwa. Kukata kona kwenye lami kavu kikiwa kimewashwa kunakaza mitambo bila sababu. Washa gari likiwa fri na klachi chini. Weka gia ya kwanza, toa hendibreki, mguu wa kulia uweke sakafuni kabisa, halafu inua mguu wa kushoto polepole, kisigino kikiwa kimeegemea sakafu ikiwezekana.

Mahali fulani utasikia mlio wa injini unashuka, unakuwa mzito, na kabini inatetemeka kidogo. Hapo ndipo klachi imeshika. Simamisha mguu hapo, usiurudishe chini wala usiurushe juu. Gari litaanza kutambaa. Subiri sekunde moja, kisha malizia kuachia taratibu. Injini ya kirikuu ni ya cc 660 tu, haina nguvu kubwa chini, kwa hiyo ukiharakisha itazima. Vizuri, kanyaga klachi, weka fri, washa, anza upya. Ukikosea, kanyaga klachi na breki kwa pamoja. Fanya mara kumi hivi, kisha zunguka na gari dakika tano mguu ukiwa umetoka kabisa kwenye klachi, ndipo urudie. Kundi la tatu au la nne likiisha, mguu utakuwa umepajua mahali hapo wenyewe.

Baada ya hapo ongeza mafuta, lakini kwa utaratibu: mafuta kwanza, klachi baadaye. Kirikuu nyingi hazina mshale wa mizunguko, kwa hiyo utatumia sikio. Gari likiwa fri, sikiliza mlio wa injini inapojiendesha yenyewe. Kisha kanyaga mafuta kwa uzito wa dole gumba mpaka mlio upande kidogo tu, kama wa mtu aliyeacha kunong'ona na kuanza kuongea, na uweze kuushikilia hapo bila kupanda wala kushuka. Hiyo ni kama 1,300 hadi 1,500. Ukiweza kuushikilia mlio huo sekunde kumi, weka gia ya kwanza, shikilia mlio uleule, inua klachi mpaka ishike, subiri kidogo, malizia. Mlio ukipanda wakati unaachia klachi, umezidisha mafuta. Ukizama na gari kutetemeka, umeachia haraka.

Kwenye kirikuu injini iko chini ya viti, na giaboksi haiko mbali, kwa hiyo klachi ikianza kuungua pua itakuambia mapema. Harufu yake ni kali, ya karatasi na raba vinavyoungua pamoja, haifanani na ya petroli wala ya oili. Ukiisikia, acha zoezi. Egesha, zima, lipumzishe gari dakika 20 hadi 30. Harufu ya mara moja haimaanishi pleti imekufa. Kuendelea kulazimisha wakati inanuka ndiko kunakofanya uso wa lainingi, ile tabaka ya kusuguana iliyo juu ya pleti, uwe kama kioo, na ikishakuwa hivyo itateleza hata baada ya kupoa.

Kubadilisha gia ni rahisi kuliko kuondoka, kusikupe shida. Toa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, hamisha liva, achia klachi, rudisha mafuta. Gari likiwa tupu kwenye tambarare, ingiza mbili karibu na kilometa 15 kwa saa, tatu kwenye 30, nne kwenye 45, tano kuanzia 60. Likiwa na mzigo au likipanda, chelewesha. Liva inapopita fri ipe nafasi ya kupumua kidogo tu. Ndani ya giaboksi kuna sinkronaiza, pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia kabla ya meno kukutana, na zinahitaji sehemu ya sekunde kufanya kazi hiyo. Ukisukuma kwa nguvu unazisaga pete. Gia ikigoma, usiipigie. Rudi fri, achia klachi, kanyaga tena, ingiza. Mara nyingi meno yalikuwa yametazamana tu.

Gia mbili zinahitaji adabu ya pekee. Ya kwanza usiiingize gari likiwa bado linatembea zaidi ya mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kwenye matuta, gia ya pili inatosha. Na rivasi kwenye giaboksi nyingi haina sinkronaiza kabisa. Gari lisimame kabisa, kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu ili mzunguko wa ndani utulie, ndipo uingize. Ikilia, ingiza kwanza gia yoyote ya mbele, kisha bila kuachia klachi hamia rivasi. Ile gia ya mbele imeshasimamisha shafti, kwa hiyo rivasi itaingia kimya.

Kuna kosa moja la gia ambalo ni baya kuliko yote, na si la klachi. Uko gia ya tano kwenye 70, unataka kushuka nne, mkono unasukuma liva mbali zaidi na inaingia mbili. Ukiachia klachi hapo matairi yanaizungusha injini kwa kasi ambayo haikuundwa nayo, na vali zinaweza kugonga pistoni. Ndiyo maana nasisitiza vidole vyepesi: kutoka tano, vuta chini tu na uiache springi ilete liva katikati. Ukiachia klachi na kusikia injini inapiga kelele isiyo ya kawaida, kanyaga klachi mara moja, fikiri baadaye.

Nije kwenye milima, maana najua ndiyo iliyokukalia kichwani. Usiende kupanda mlima wa Bugando kabla hujaweza kuondoka tambarare mara ishirini mfululizo bila kuzimikiwa. Ukifika, anza na mwinuko mdogo, gari tupu, na mtu anayejua akae kushoto, mkono wake ukiwa karibu na hendibreki. Simama, vuta hendibreki mpaka ishike, toa mguu kwenye breki. Kanyaga klachi, gia ya kwanza, mlio wa mafuta uwe juu kidogo kuliko wa tambarare. Inua klachi mpaka mlio uzame na pua ya gari iinuke kidogo. Hapo shikilia miguu yote miwili, teremsha hendibreki, gari litabaki limesimama au litaanza kupanda. Ongeza mafuta kidogo na umalizie klachi. Likirudi nyuma, vuta hendibreki. Usilirudishe kwa klachi.

Sasa sikia hii ya foleni ya mlimani. Utaona madereva wazoefu wanabalansi: gari limesimama mlimani bila breki, limeshikiliwa na klachi na mafuta, linasogea mbele na nyuma kidogo. Wengine wanaona ndiyo alama ya udereva. Ni alama ya dereva anayelipiwa klachi na mtu mwingine. Sekunde 30 za kubalansi ni sekunde 30 za pleti kusuguana bila kwenda popote, na wewe unaondoka kwa sekunde mbili tu. Gari limesimama, hendibreki juu, fri, mguu nje ya klachi. Foleni ikisogea mita mbili, ngoja nafasi iwe ya kutosha gari lako lote ndipo uondoke. Wanaopiga honi nyuma hawatakuchangia pleti.

Mzigo ndio unaoamua klachi yenu itaishi muda gani, pengine kuliko mguu wako. Kirikuu hizi kwa kipimo cha Japani zimeundwa kubeba kilo 350. Dumu la lita 20 lililojaa ni kilo 20 za maji, bado dumu lenyewe. Madumu 16 yameshafika kilo 320 za maji, na uzito wa madumu yenyewe unasogeza karibu na 350, kwa hiyo hapo ndipo mpaka. Najua mtaani watu wanapakia 40, na gari linaondoka. Linaondoka kwa sababu dereva ameongeza resi na kuishikilia klachi muda mrefu, na tumeshaona hesabu ya joto inavyokwenda. Wewe katika mwezi wa kwanza pakia madumu 8 hadi 10, safari za tambarare. Jaza baada ya hapo. Mkilazimika kuzidisha siku moja, chagua njia isiyo na mlima wa kusimama katikati, hata kama ni ndefu.

Kusimama ni pale ambapo watu wa otomatiki hukosea kwa kukanyaga klachi kwanza kabla ya breki. Ukifanya hivyo gari linakuwa huru na breki inabeba kazi yote. Kanyaga breki kwanza, gari lipungue likiwa bado kwenye gia, na klachi uikanyage mwishoni karibu na kilometa 15 kwa saa au injini inapoanza kutetemeka. Mteremkoni ni vilevile: shuka na gia ambayo ungeitumia kuupanda mlima huohuo, usishuke fri. Wanaosema fri inaokoa mafuta wanakosea kwa injini za EFI, yaani zinazopuliziwa petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, nozeli zinakatiwa mafuta, wakati fri injini inaendelea kunywa ili isizime. Na breki zikichemka mteremkoni na madumu nyuma, hakuna gia utakayoiingiza kirahisi.

Mguu wa kushoto, ukishamaliza kubadilisha gia, uweke sakafuni pembeni ya pedali. Usiuegeshe juu ya klachi "kwa tahadhari". Uzito wa mguu peke yake unamaliza ule mchezo wa sentimita moja. Vivyo hivyo mkono: liva si pa kupumzishia, kwani ndani kuna uma unaosukuma gia, na mkono wako unaubana ulike. Taa nyekundu ikichukua zaidi ya sekunde chache, fri na mguu nje.

Masikio yako yatakusaidia kujua kinachoumwa kabla hakijawa ghali. Ukikanyaga klachi ukasikia mlio wa kukwaruza unaopotea ukiachia, ni rilizi beringi. Mlio ukiwepo gari likiwa fri na mguu nje, ukapotea unapokanyaga, ni beringi ya shafti ya giaboksi. Gia zikiingia vizuri injini imezimwa lakini zikagoma injini ikiwaka, klachi haiachii yote: kebo imelegea au imeanza kukatika nyuzi, irekebishwe kabla hujazisaga pete za sinkronaiza ukidhani ni ugeni wako. Na oili ya giaboksi mwambie fundi aikague. Ya mtumba mara nyingi haijulikani ilibadilishwa lini. Kirikuu nyingi zinatumia 75W-90 ya daraja la GL-4, thibitisha kwenye kitabu cha gari lenu.

Siku klachi itakapokwisha kihalali, badilisheni pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na kuishusha mara mbili kwa sababu ya beringi moja ni hasara. Mwambie fundi akukabidhi vya zamani mkononi. Pleti iliyolika sawasawa mpaka karibu na ribiti, vile vipini vinavyoshikilia lainingi, imezeeka tu. Ikiwa lainingi bado ni nene lakini nyeusi na inang'aa, na uso wa presha pleti una madoa ya bluu, hiyo imeunguzwa, na hapo mtakuwa na la kuzungumza na huyo dereva asiyetokea.